Mjukuu wa Godoro

Buswelu, Mwanza

Bibi yangu mpenzi,

Kamwene! Pokea shikamoo mbili, moja yangu na moja ya mumeo Shija. Amenikataza kuandika "mkwe wako". Anasema siku ya harusi yetu pale Njombe ulimshika mkono mbele ya watu ukatangaza kwamba umeolewa wewe, mimi nimekuja kama mpambe tu, na yeye hajaisahau ndoa hiyo. Magoti yako yanakubali kupanda kile kilima cha kanisani? Chai bado unainywa ya moto mpaka inakutoa machozi? Sisi huku tu wazima, tunashiba, na mimi jua la Mwanza limenipika vizuri. Ukiniona leo utasema huyu binti ameoga samli.

Najua anayekusomea ni Tumaini. Tumaini mdogo wangu, soma polepole, na ukifika kwenye mambo ya mapenzi usiruke mistari ukidhani unamlinda Bibi. Bibi ni mtu mzima kuliko sisi wote.

Sasa Bibi, naandika kwa sababu ya ile simu. Nilipokuambia kwamba baba mkwe wangu amepata mjukuu, ulipiga vigelegele, ukakata, na nasikia ukaita majirani. Rudisha majirani, Bibi. Mjukuu yupo kweli, tena ana masikio makubwa, lakini ni wa godoro. Nimemshona mwenyewe. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, ili wakija kudai pilau uwe na la kuwajibu.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia, kwa kuwa sikutaka ulale na mawazo. Unajua mama mkwe wangu alifariki kabla sijaja. Na katika nyumba hii, kwa desturi yao, mkwe wa kike na baba mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni wala hawapigi soga. Chumvi ikiisha, mkwe anamwambia mama mkwe, na mama mkwe ndiye anayemfikishia mzee. Mzee akiona mboga imeungua, anamnong'oneza mkewe, naye anakuja jikoni kukwambia kwa upole. Yeye ndiye daraja. Sasa daraja langu lilizikwa kabla sijafika mtoni.

Shija ningemtuma, lakini Shija ni mtu wa kivuko, anafanya kazi kwenye injini za kile kinachokwenda Nansio, na kuna siku analala hukohuko kisiwani. Akiondoka tunabaki uani watu wawili, mimi na Mzee Mabula. Asubuhi napiga magoti mbali, macho chini, nasema, "Mwangaluka, baba." Naye anajibu, "Mwangaluka," akiwaangalia kuku. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Namtengea ugali, nakohoa kidogo ili ajue umefika, naondoka. Nikirudi kuchukua vyombo, nusu ya ugali ipo palepale. Kila siku nusu. Nikapunguza, akabakiza nusu ya kilichopungua! Nilitamani kumwuliza, "Baba, kuna nini?" Lakini ningemwuliza kwa mdomo gani?

Halafu siku moja nikifagia nikaona begi la kahawia limesimama nyuma ya mlango wake, limefungwa kwa kamba. Shija aliporudi nikamwuliza. Akavua viatu taratibu, nikajua si jambo jema.

"Baba anataka kuhamia Magu kwa dada," akasema. "Anasema nyumba ni ya vijana sasa."

Bibi, nilikuwa nakanda maandazi, nikalilia ndani ya unga. Nyumba ile kaijenga yeye mwenyewe, tofali juu ya tofali, halafu ahame kwa sababu mimi nimeingia? Watu wangesema Mbena katoka na baridi yake huko kaja kumfukuza mzee wa watu. Na Shija wangu! Ndiye mtoto wa kiume pekee, angebaki amekatika vipande viwili. Akanishika mikono hivyo hivyo na unga wake, akasema, "Sikukutoa Njombe kote kule uje kulia huku, Elika. Tutapata njia. Kama haipo tutaichimba." (Tumaini, umeona? Hapo rudia kusoma.)

Njia yenyewe ililetwa na mteja. Unajua nashona kwenye baraza la duka hapa barabarani. Akaja mama mmoja mnene, mcheshi, mtu wa Bukoba, anaitwa Mama Koku. Akataka koti la suti la mtoto wa kama miaka miwili, lakini mgongoni liwe na tundu la kupita mkono wa mtu mzima.

Nikamwuliza kwa huruma, "Mama, pole. Mtoto anaumwa nini?"

Akaweka begi lake mezani, na humo ndani ya begi sauti nyembamba ikasema, "Siumwi, mshonaji! Nimebanwa na zipu tu!"

Niliruka, mguu ukakanyaga pedeli, cherehani ikajishonea yenyewe mpaka ukutani. Mama Koku alikuwa ametulia kimya, midomo imefungwa kama ya mtu anayesubiri chenji. Akafungua begi, akatoa mwanasesere mwenye kipara na mdomo unaofunguka. Wakaanza kugombana mbele yangu, yeye na mwanasesere wake, kuhusu nani amelipia nauli. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nilikuwa na huzuni.

Ndiye aliyenieleza kwamba watu wa kazi hiyo, wanaosemesha wanasesere bila kuchezesha midomo, walikuwa wanakutana Bujora kwa wiki nzima. Wanatoka Bukoba, Musoma, Ukerewe, hata ng'ambo Kisumu. Wengi ni walimu, wauguzi na watu wa shule ya Jumapili. "Tunahitaji mshonaji wa kutuvalisha watoto wetu," akaniambia. "Wewe tushonee, sisi tukufundishe. Umecheka vizuri. Anayecheka vizuri anajifunza haraka."

Nilimwomba Shija ruhusa huku nimejiandaa kwa hoja kumi. Sikutumia hata moja. Akasema, "Nenda. Wewe una maneno mengi, mke wangu. Mdomo mmoja haukutoshi."

Bibi, ungeona siku ya kwanza! Ukumbi umejaa watu wazima na heshima zao, na kila mtu anamtambulisha mwanasesere kabla ya kujitambulisha mwenyewe. Muuguzi mmoja wa Musoma ana mbu mkubwa kama kuku, anayelalamika kwamba siku hizi watu wanalala kwenye vyandarua hawana hata ukarimu. Mimi nilikuwa na mkasi na sindano tu. Mama Koku akaniambia, "Huwezi kukaa humu bila mtoto. Zaa."

Basi nikazaa. Kichwa nimekichonga kwenye kipande cha godoro kuukuu, ngozi ni kitambaa cha kahawia, mdomo nimeutengeneza kwa malapa yaliyokatika ili ukunjike vizuri. Macho ni vifungo. Nywele, Bibi, ni ule uzi wa sufu uliobaki uliponifumia sweta ya kuja nayo huku. Shati ni la kitenge cha harusi yetu. Masikio yalitoka makubwa kwa bahati mbaya, nilipotaka kuyapunguza nikayaonea huruma. Jioni ile wakaniuliza, "Mwanao anaitwa nani?" Nikajibu bila kufikiri, "Bado hana jina. Kwa kina Shija jina hutolewa na babu." Wakacheka wote.

Kujifunza hakukuwa mchezo. Kumbe kuna sauti haziwezi kutoka mpaka midomo igongane, na maneno magumu kuliko yote ndiyo yale matamu: baba, mama, babu, bibi. Unafundishwa kuupeleka ulimi nyuma ya meno ufanye kazi ya midomo, huku unatabasamu kidogo kama mtu anayepigwa picha. Ukisema vibaya, baba anakuwa "dada" na watu wanakuzomea. Nilishinda nikisema "babu, babu, babu" mpaka shavu likaniuma kama nina jino bovu. Shija siku yake ya mapumziko alikubali kuwa kioo changu. Akakaa mbele yangu kwenye kigoda, kazi yake kuangalia midomo yangu aseme ikitikisika.

"Imetikisika," akasema.

"Wapi?"

"Hapo. Rudia."

Nikarudia. "Imetikisika tena. Rudia." Nikarudia mara nyingi sana, Bibi, ndipo nikagundua kwamba haikuwa inatikisika hata kidogo, jamaa alikuwa anapenda tu kuiangalia! Nilimrushia kanga. Ee Mungu, nimeolewa na mtu wa namna gani huyu, na ashukuriwe mama aliyemlea.

Mama Koku alikuwa na masharti matatu. La kwanza, mwangalie mwanao anapoongea, kwa kuwa ukimwangalia wewe na watu watamwangalia. La pili, asiongee kama wewe, awe na tabia zake. La tatu alilisema amesimama: "Hata paa likiwaka moto, usiwape watu mgongo. Mgongo hauna hadithi."

Siku ya kufunga ikafika. Uwanja ulijaa, kukawa na ngoma kwanza, vumbi likapanda, vigelegele. Kisha tukaanza kupanda jukwaani mmojammoja. Zamu yangu ikaja. Nimevaa gauni la kijani, mwanangu mkononi, moyo unadunda mpaka nadhani unaonekana kwenye kitambaa. Nikainua macho nimtafute Shija. Nikamwona, mstari wa mbele, anatabasamu meno yote. Na pembeni yake, Bibi, kofia ya pama. Na chini ya kofia, Mzee Mabula!

Shija alimwambia kuna ngoma Bujora. Na ngoma kweli ilikuwepo, kwa hiyo hakusema uongo. Hakumwambia tu yaliyobaki.

Hapo akili ilinikimbia, na mwili ukafanya ulichozoea kufanya kila siku uani. Nikashusha macho, nikapiga magoti, nikageuka. Mbele ya uwanja mzima nimewapa watu mgongo! Nikasikia Mama Koku pembeni anavuta pumzi kama aliyekanyaga moto. Watu wakaanza kunong'ona. Nikasema moyoni, Elika umekwisha, umejiaibisha, na mzee ndiyo atahama leoleo.

Lakini mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mtoto. Na mtoto alikuwa ametokeza kichwa juu ya bega langu, anawaangalia watu na masikio yake. Kicheko kimoja kikatoka nyuma, kikafuata kingine. Ndipo likanijia, Bibi, wazi kama mtu amewasha taa. Mimi ni mkwe, siruhusiwi. Lakini huyu ni mtoto wangu. Na mtoto wangu kwa mzee huyu ni nani? Ni mjukuu! Na mjukuu kwa babu yake ana ruhusa ya kusema chochote, kama wewe ulivyoniruhusu mimi nikuite bibi kizee mchoyo wa karanga tangu sijajua kutembea.

Mtoto akafungua mdomo. "Shikamoo, babu!"

Na neno "babu" lilitoka safi, sijui kwa neema gani.

Kisha mtoto akaendelea, "Usimshangae mama. Yeye haruhusiwi kukuangalia. Mimi naruhusiwa, ndiyo maana nakukodolea hivi."

Uwanja ukalipuka. Sikumwona mzee, nilikuwa naangalia pazia, nikamsikia tu anakohoa. Kisha sauti yake ile nzito: "Marahaba. Mbona kichwa kikubwa hivyo? Umerithi kwa nani?"

"Nimeiona kofia yako, babu, nikajua."

Watu wakapiga makofi. Mzee akasema, "Na adabu umerithi kwa nani?"

"Sijarithi. Ilikuwa imeisha dukani."

Nikasikia mzee anacheka, Bibi! Miezi yote ile sikuwahi kusikia kicheko chake. Ni kicheko cha Shija kabisa, kimezeeka tu. Mtoto akapata ujasiri kuliko mama yake.

"Babu, ugali unaubakiza kwa nini?"

"Huo ni ugali?" mzee akasema, na akina mama wote wakaguna kwa furaha. "Mweupe, mlaini, unateleza kabla hujaushika. Mimi nimekulia ugali wa udaga, ule wa muhogo, mgumu, ukitupa ukutani unakurudia. Mama yako ananipa uji uliovaa suti!"

Kumbe ni hilo tu, Bibi! Unga! Nililia nikidhani ananichukia, kumbe mzee wa watu alikuwa ana njaa na heshima zake!

Ningeweza kuishia hapo, watu walikuwa wameshafurahi. Lakini lile begi la kahawia lilikuwa halijanitoka akilini. Mtoto akalaza kichwa begani kwangu, akasema polepole, "Babu, ni kweli unahama?"



"Nani kakwambia?" mzee akauliza.

"Haya masikio unadhani ni ya nini?"

Hakucheka safari hii. Akasema kama vile uwanja ule una watu wawili tu, "Nyumba isiyo na mtu wa kuongea naye, mjukuu wangu, ni zizi. Tangu bibi yako aondoke, naongea na kuku. Kuku hawajibu. Nibaki na nani?"

"Na mimi," mtoto akasema.

Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni, na ndipo nilipomshukuru Mungu kwa kuwapa watu mgongo.

Nikasikia kiti kinasogea. Mzee alikuwa amesimama. Akaeleza, akimwambia mtoto na siyo mimi, kwamba baba yake alikuwa mcheza ngoma, na alikuwa na mtu wa mti mwenye mikono ya kuvutwa kwa kamba. Ngoma ikikolea, yule mtu wa mti anainuka juu ya vichwa vya watu, anawapungia wapinzani, na wapinzani wanakimbiwa na watazamaji wao. Aliitwa Mayunga, yaani mtembezi kwa Kisukuma, kwa sababu alizunguka kila kijiji kulikokuwa na mashindano. Baba yake alipozeeka, mchwa walimla yule mtu wa mti, na mzee alidhani hatamwona tena mtu wa namna ile.

"Umeulizwa jina ukasema huna," akasema. Shija alikuwa amemweleza. "Basi mimi ndiye babu. Wewe ni Mayunga."

Bibi, vigelegele vile nadhani vilifika Kisesa. Shija alipanda jukwaani bila kuitwa, akaninyanyua mimi na mtoto kwa pamoja, mbele ya watu! Mama Koku akanijia analia na kucheka, akasema, "Nimefundisha miaka yote watu wasitoe mgongo. Kesho nitafundisha wote wautoe." Na walimu wawili wa Ukerewe wakanialika Mayunga aende kuongea na watoto wa shule Nansio. Fikiria, nitavuka ziwa kwenye kivuko cha mume wangu, yeye chini na injini zake, mimi juu na mwanaye!

Desturi hatujaivunja, usije ukaogopa. Mpaka leo naangalia chini, napiga magoti, sipeani mkono na mzee. Ila Mayunga ana kigoda chake uani, katikati ya jiko na kiti cha mzee. Mchana nikileta ugali wa udaga (nimejifunza kwa jirani, mkono umeota sugu), nakohoa, narudi jikoni. Punde nasikia:

"Mayunga, mwambie mama yako leo ameuweza."

Nami najibu nikiosha sufuria, "Mayunga, mwambie babu sato mwingine yupo, asione aibu."

"Mayunga, mwulize mama yako huko kwao Njombe ni kweli watu wanalala na majiko?"

"Mayunga, mwambie babu aache uchokozi."

Tunaweza kwenda hivyo mpaka jua linapoelekea ziwani, na Mayunga mwenyewe kafumba mdomo. Siku hizi yeye ndiye mtu pekee nyumbani kwetu asiyesema neno.

Na begi? Jana nilipokuwa namwandaa Mayunga kwa safari ya Nansio, nikamfunga kwenye kanga kuukuu. Mzee akaniona kwa mbali, akaingia ndani. Akatoka na lile begi la kahawia, tupu, kalipangusa vumbi, kamba kaitoa. Akaliweka kwenye kigoda.

"Mayunga," akasema, "msafiri hawezi kubebwa kama mihogo. Chukua hili. Mimi silihitaji tena."

Sina cha kuongeza hapo, Bibi. Nimeandika huku natabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Msalimie sana baba, umwambie mkwe wake anamtunza binti yake kama yai. Mama mwambie unga wa udaga nitamtumia, asiutupe akidhani umeharibika, harufu yake ndiyo hiyo. Shangazi aliyenipa chungu cha harusi mwambie hakijapata ufa. Mjomba wa mbao mwambie nina kazi yake, Mayunga anataka mikono ya mti. Na majirani waliopigiwa vigelegele wape karanga zako, usiwe mchoyo. Waambie mjukuu wa nyama naye atakuja kwa wakati wake, na wajifunze kusubiri.

Mimi mjukuu wako na mke mwenzio, ninayekupenda kwa mdomo wangu na kwa mdomo wa Mayunga,

Elika